Unahamia Australia: Osha Kwanza, Ndipo Ufunge Mizigo

Muuguzi wa Nairobi aliyepata kazi Melbourne anauliza kama kinu cha mama yake kitapita. Familia ya Dar es Salaam inayohamia Perth inauliza kuhusu mikeka, vinyago na ngoma. Mzee wa Kikongo anayeishi Brisbane, mwenye watoto walio bado Uvira, anauliza kama wanaweza kumpakilia sombe (kisamvu) iliyokaushwa pamoja na viti vyake vya zamani. Swali ni lile lile, na kila anayeuliza tayari ameshaanza kufunga maboksi. Nawajibu wote hapa, na ninamwomba kila anayesoma afungue maboksi hayo upya.

Shika jambo moja, mengine yatafuata. Mizigo mingi ninayosikia imekwama bandarini kule haikukwama kwa sababu mwenyewe alificha kitu haramu. Ilikwama kwa sababu ya matope kwenye soli ya kiatu, punje za mchele chini ya friji, mbegu zilizosahaulika ndani ya kayamba. Kuondoa uchafu huo nyumbani kwako kunagharimu sabuni, brashi na siku mbili za jua. Ukaguzi wa Australia unalipiwa kwa robo saa, kwa dola zao, na ankara inakuja kwako.

Wanachokiogopa

Nitasema kwa kifupi, kwa sababu ukijua wanachotafuta utajua pa kusugua.

Sheria yao ni Biosecurity Act ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Juni 2016 badala ya sheria ya karantini ya mwaka 1908. Inasimamiwa na Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Misitu. Ugonjwa wa miguu na midomo, ambao mfugaji wa Kajiado au Dodoma anaujua vizuri, haujaonekana Australia tangu 1872. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, haijawahi kuingia. Konokono mkubwa tunayemwona kwenye migomba baada ya mvua ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Mwaka 1977 aliingia Gordonvale, Queensland, ikabidi wamsake mpaka wammalize.

Halafu yupo khapra, mdudu wa nafaka mwenye urefu wa milimita mbili tatu. Buu lake hujificha kwenye nyufa na linaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 2020 alikutwa kwenye mafriji yaliyoagizwa kutoka nje, na tangu hapo masharti ya nafaka na kunde yamekazwa sana. Ukiona mkaguzi anamulika tochi nyuma ya friji lako, ujue anamtafuta huyo.

Panga mafungu matatu

Anza miezi mitatu kabla ya meli. Usianzie kwenye boksi, anzia chumbani. Pita chumba kwa chumba na ugawe kila kitu mara moja:

- Fungu la kwanza: kinachobaki. Gawia ndugu, uza, au mwachie shangazi akutunzie.
- Fungu la pili: kinachooshwa na kukaguliwa kabla ya kufungwa.
- Fungu la tatu: kisicho na mashaka. Nguo safi, vyombo vya chuma na vya kioo, vitabu, picha, vifaa vya umeme visivyo na mabaki ya chakula.

Ukikwama kati ya la kwanza na la pili, jiulize: kitu hiki kikizuiliwa na nikaambiwa nilipie kukitibu, nitalipa? Kama jibu ni hapana, kiache sasa. Ufagio wa chelewa hauna thamani ya dakika tano za mkaguzi. Kinu cha bibi huenda kinayo.

Visipande kontenani kabisa

Hapa sina "labda".

*Chakula.* Najua unaweza kusoma kwamba baadhi ya vyakula huruhusiwa. Hata hivyo, kwa kontena, ushauri wangu ni usiweke chakula hata kimoja. Tangu 2020 vyakula vingi vya stoo zetu vimepigwa marufuku kuingia na mizigo ya nyumbani, kwa posta au begini, vitoke nchi yoyote, kwa ajili ya khapra:

- mchele na ngano
- maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu na soya
- karanga
- mbegu za maboga na za matikiti
- bizari nyembamba na mbegu za giligilani
- pilipili kavu

Soma tena orodha hiyo, kisha fikiria kapu ambalo mama mkwe amekuandalia. Karibu kila kilichomo kimetajwa. Ongeza nyama iliyokaushwa, samli, maziwa ya unga ya kawaida na mayai. Vinazuiwa kwa sababu ya magonjwa ya mifugo ambayo kwetu yapo na kwao hayapo. Sombe iliyokaushwa ni majani, nayo ina masharti yake. Mwambie mzee wa Brisbane atafute maduka ya Waafrika yaliyo mjini kwake. Chakula kinachouzwa huko kwa kawaida kimeingia kwa njia ya halali.

Majani ya chai ya kiwandani na kahawa iliyokaangwa, vikiwa kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa, hupita kwa kawaida. Vichukue begini, vitaje, vioneshe.

*Udongo.* Watu hucheka nikilitaja hili, mpaka wakumbuke ule udongo wa kula ambao wajawazito hununua sokoni, umepangwa vipande vipande kwenye mfuko wa nailoni. Kwao huo ni udongo kama wa shambani. Na udongo wa kaburi la mzazi uliofungwa kwenye kitambaa ni udongo pia, ingawa najua uzito wake moyoni. Usimweke mtoto wako katika hali ya kuuona ukitupwa mbele yake. Piga picha ya kaburi, chukua picha.

*Mbegu na miche.* Mchicha, mnafu, bamia, kisamvu cha kupanda, mbegu za mti wa nyumbani. Mbegu zinahitaji kutambuliwa kwa jina la kitaalamu na kukubaliwa aina kwa aina. Mbegu zilizofungwa kwenye gazeti hazina nafasi.

*Dawa za asili.* Magome, mizizi, majani makavu, unga usio na lebo.

*Vitu vyenye mbegu ndani.* Hapa ndipo watu waangalifu hujikwaa:

- Kayamba. Sauti yake ni mbegu.
- Manyanga ya vibuyu.
- Mito na magodoro ya sufi. Bonyeza mto wako wa sufi kwa vidole viwili, taratibu. Vitu vidogo vigumu utakavyovigusa ni mbegu. Nunua mto mwingine ukifika.
- Midoli na mapambo yaliyojazwa nyasi au nafaka.

*Mali za wanyama wanaolindwa.* Pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui. Hilo si suala la karantini peke yake, ni jinai, huku kwetu na kule.

Vinavyopita, ila kwa kazi

Hili ndilo fungu lenye machozi, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

*Kinu na mchi.* Mti wenyewe haukatazwi. Kinachotazamwa ni magome, matundu ya wadudu na mabaki ya chakula. Kiinamishe kinu juani, mwanga uingie mpaka chini. Utaona mstari mweupe kwenye nyufa za kitako: ni unga wa miaka. Utoe kwa msumari mwembamba, sugua kwa brashi ngumu na maji ya moto, kianike kwa siku kadhaa kikitazama chini, kisha kikague tena. Ukikuta matundu madogo ya duara, na ukigonga yanatoa vumbi laini la mbao, kuna bungua ndani. Kinu hicho usikipeleke. Kikipelekwa, kitachomwa au utalipia tiba inayozidi bei ya vinu vitano.

*Mbuzi ya kukunia nazi, mwiko, ubao wa chapati.* Utaratibu ni huo huo. Kwenye mbuzi, angalia pale chuma kinapoingia kwenye mti, maana machicha hukaukia hapo.

*Mikeka, vikapu, viondo, kawa, nyungo.* Ukindu, katani na matete vikikauka vizuri na vikiwa safi hukaguliwa na mara nyingi hupita. Vipige nje kwa fimbo, vipitishe brashi kwenye msuko, vianike pande zote mbili. Tafuta vipande vya majani mabichi yaliyosukwa kwa haraka, vikoko vya mbegu, utando wa buibui, alama za panya. Ungo uliopepetea mpunga kwa miaka kumi, mimi nisingeupeleka. Punje hujificha kwenye ukingo ambapo hakuna brashi inayofika.

*Ngoma.* Ngozi ya ngoma zetu nyingi ni mbichi iliyokaushwa juani, pengine ina manyoya bado. Hiyo ni mali ya mnyama kutoka nchi yenye ugonjwa wa miguu na midomo, na wataichukulia hivyo. Njia ninayowashauri wapiga ngoma ni hii: ondoa ngozi, safisha mzinga, usafirishe mzinga mtupu, na uwambe upya kwa ngozi utakayonunua huko. Inauma, lakini mzinga ndio wenye sauti ya fundi wako.

*Kibuyu cha maziwa.* Kwa wale wa mursik, maziwa ya mgando: kibuyu kina mabaki ya maziwa, majivu, na mara nyingi mikanda ya ngozi. Toa mikanda ya ngozi mbichi. Kichemshie maji mara kadhaa, kisugue ndani kwa ule mti wa kusafishia, kianike kikiwa wazi. Kikiwa bado kinanuka maziwa, hakijawa tayari.

*Vinyago.* Vitu viwili vya kuangalia. Kwanza, wadudu. Vinyago vingi vinavyouzwa kwa watalii ni mti laini uliopakwa kiwi nyeusi ufanane na mpingo, na mti laini hushambuliwa upesi. Kwaruza kidogo chini ya kitako uone rangi. Pili, kama ni mpingo wa kweli, jamii yake yote iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena moja hazihitaji kibali cha mkataba huo. Ukiwa na vinyago vikubwa, vipime. Vikizidi hapo, kibali kitafutwe kabla ya safari.

*Fanicha za mbao.* Geuza kila kiti na kila droo. Magome hubaki upande usioonekana, hasa kwenye vitanda vya kamba na stuli za kuchonga. Banzi lenye gome libanduliwe lote.

Jinsi ya kuosha ili ihesabike

Kuosha kwa macho hakutoshi. Fanya hivi:

1. Kusanya vyote vinavyogusa ardhi mahali pamoja: viatu, njumu za mpira, gambuti, baiskeli, gari la mtoto, mahema, majembe, mafyekeo, miguu ya viti vya bustani, magurudumu ya masanduku.
2. Anza na kavu. Gongagonga, toa matope kwa kijiti cha meno au bisibisi ndogo. Njumu moja tu hubeba udongo wa kujaza kijiko, umejipachika kati ya meno ya soli.
3. Kisha maji na sabuni na brashi. Kwenye baiskeli, toa magurudumu, safisha chini ya madigadi na ndani ya uma.
4. Anika mpaka ikauke kabisa. Kitu chenye unyevu kikifungwa kwa wiki kadhaa baharini kitafika na ukungu, na mkaguzi akiona ukungu atafungua kila kitu.
5. Vifaa vya jikoni: toa trei ya makombo ya tosta, fungua sehemu ya chini ya blenda, vuta friji na jiko mbali na ukuta, ondoa trei ya maji nyuma ya friji, futa mpira wa mlango mkunjo kwa mkunjo. Mchele hupenda hapo.
6. Mashine ya kufyonza vumbi: toa mfuko, utupe, safisha bomba. Wanaotokea Ghuba au Ulaya wengi husahau hii.
7. Nguo za shambani na za safari za mbugani: geuza mifuko nje, kagua mikunjo ya suruali na soksi. Mbegu zinazonata ziko hapo.
8. Chomoa droo na mifuko yote ya mabegi. Jojo, njugu, tunda lililokauka la mtoto.

Ukimaliza kitu, kifunge siku hiyo hiyo, ndani ya nyumba. Usikirudishe barazani kikalala na mende.

Na kupulizia dawa? Wengi huniambia, "Nitampa jamaa wa fumigesheni apulizie kontena zima, nipate cheti, basi." Cheti hicho hakioshi matope, na kama mpuliziaji si yule anayekubaliwa na wizara yao hakitakusaidia. Uliza kwanza, ulipe baadaye. Kwa vitu vya mimea, taasisi zinazotoa cheti cha afya ya mimea ni KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Kiombe pale tu masharti ya kitu chako yanapokitaka. Masharti hayo yamo kwenye mfumo wao uitwao BICON, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kutafuta kitu kimoja kimoja.

Maboksi, kreti na vijazio

Boksi nalo linakaguliwa.

- Usitumie maboksi ya ndizi, ya nyanya, ya mayai au ya nyama, hata yakiwa yanaonekana safi. Nunua mapya. Ya vitabu au ya karatasi ni mazuri.
- Usijazie nyasi, majani makavu ya migomba, maranda wala magunia yaliyobeba nafaka. Tumia karatasi, nguo zako, plastiki ya vipovu.
- Kreti na paleti za mbao ziwe na muhuri wa kimataifa wa ISPM 15: alama ya ngano, herufi za nchi, na HT au MB. HT maana yake mbao imepashwa joto, nyuzi 56 mpaka katikati, kwa dakika 30. Fundi wa mtaani akikutengenezea kreti kwa mbao za kawaida, hata iwe imara kiasi gani, inakuletea shida.
- Kontena likija kupakiwa, lizunguke. Angalia chini yake na kwenye kona kama kuna konokono, udongo au mayai ya wadudu. Ingia ndani na tochi, fagia. Usikubali kulipakia likiwa limekaa kwenye majani na tope.

Orodha na fomu

Kuna fomu ya Unaccompanied Personal Effects Statement, ambayo mawakala wa mizigo huiita UPE. Unaijaza wewe na kuisaini wewe. Wakala akikwambia "saini tu hapa chini, mengine nitajaza", mwambie ajaze mbele yako. Maelezo ya uongo yakigundulika, anayeulizwa ni mwenye saini.

Fomu huambatana na nakala ya pasipoti na orodha ya vitu kwa Kiingereza, boksi kwa boksi. Linganisha:

- Mbaya: "Boksi 7, vitu vya jikoni na vinginevyo."
- Nzuri: "Boksi 7, sufuria 4 za alumini, miiko 2 ya mti, kinu 1 cha mti na mchi wake, kikapu 1 cha katani."

Mkaguzi akisoma ya kwanza, itabidi afungue ajue kuna nini, na unalipia anapofungua. Akisoma ya pili, anajua aende boksi gani. Ndiyo maana nasema vitu vya mti, vya mimea na vya wanyama vyote vikae kwenye maboksi machache, yawekwe namba kubwa, na yapakiwe mwisho ili yawe mlangoni. Vikitawanywa kwenye maboksi thelathini, kontena zima litashushwa.

Katika orodha hiyo hiyo onesha vitu ulivyomiliki na kuvitumia kwa miezi 12 au zaidi kabla ya kuondoka. Hivyo kwa kawaida havitozwi ushuru. Friji ulilonunua wiki iliyopita ni habari nyingine.

Kontena la kuchangia

Wengi hawana mzigo wa kujaza kontena, wanachangia. Ni nafuu, lakini mzigo wa mwenzako ukikutwa na wadudu, nawe unaweza kusubiri pamoja naye. Muulize wakala wako mambo haya kabla ya kulipa:

- Nani wengine wamo, na wanabeba nini? Sitaki majina, nataka kujua kama kuna mashine za shamba au magunia.
- Je, amewahi kupitisha mizigo ya nyumbani Australia, si Dubai wala Uingereza tu?
- Gharama za ukaguzi na hifadhi zikitokea, zinagawanywaje?
- Nani atakuwa mwakilishi wake kule, na nitampata wapi?

Akisitasita kwenye la pili, tafuta mwingine. Masharti ya Australia hayafanani na ya London, na wakala mzuri wa London anaweza kukuponza bila kukusudia.

Maswali ambayo bado mnayo

*"Rafiki yangu alipitisha dagaa na maharage. Mbona mimi nisipitishe?"* Alipita siku hiyo. Wewe utakutana na zamu nyingine, na labda mbwa wa kunusa. Faini za papo hapo zinafika maelfu ya dola, na mwenye viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, anaweza kufutiwa viza uwanjani. Miaka ya kutafuta nafasi ya chuo haifai kuwekwa rehani kwa kilo mbili za dagaa.

*"Nikiandika 'ndiyo' kwenye kadi ya abiria, si nitakuwa nimejichongea?"* Hapana, na hili nataka uliamini. Ukitaja kila ulicho nacho, hutozwi faini kwa ajili ya kitu hicho hata kama kitachukuliwa. Faini ni ya kunyamaza. Ukiwa na wasiwasi, weka "ndiyo" na usimame kwenye foleni.

*"Sina kontena, nasafiri kwa mpango wa wakimbizi nikiwa na begi tu."* Sheria ni ile ile kwa begi. Osha viatu vya kambini, kagua nguo, acha mbegu na dawa za majani. Lugha ikikushinda, onesha vitu vyenyewe. Kuonesha ni kutaja.

*"Mama amenipakilia, sijui alichoweka."* Basi fungua mbele yake. Mama wa Kiafrika akikuaga, lazima amefunga kitu ndani ya kanga. Mkute kwa upole, mweleze, mkile pamoja jioni ile.

Wakikupigia simu

Mzigo umefika Brisbane, Fremantle au Port Botany, na mwakilishi wa wakala anasema kuna kitu kimezuiliwa. Kwa kawaida utapewa mojawapo ya njia hizi: kitibiwe, kirudishwe kilikotoka, au kiteketezwe. Zote kwa gharama yako. Kabla ya kujibu:

- Omba maandishi: ni kitu gani, kimekutwa na nini, kila njia inagharimu kiasi gani.
- Uliza tiba ni ipi. Kufukizwa kwa methaili bromaidi huacha harufu mbaya kwenye mpira, ngozi na sponji. Joto kali linaweza kupasua mti. Kinyago chembamba na kiti cha sofa havistahimili tiba moja.
- Uliza kama kinaweza kutenganishwa, ili vingine viachiwe wakati hicho kinashughulikiwa.
- Jibu mapema. Hifadhi inahesabiwa kwa siku, na wengi wameumizwa na siku zaidi kuliko tiba yenyewe.
- Usibishane na mkaguzi kuhusu thamani ya kitu kwenye ukoo wenu. Mweleze kwa adabu, atakusikiliza, lakini anachopima ni tundu la mdudu.

Ukishahamia

Watakaokutumia vifurushi kwa posta wanahitaji onyo hili kama wewe. Vifurushi hupitishwa kwenye mashine na kwa mbwa, na jina lililoandikwa juu ni lako. Wapigie simu ndugu kabla ya sikukuu, uwaambie wazi: kanga, vitenge, shanga, picha, vitabu ni sawa, mbegu, karanga, mchele na dawa za majani hapana.

Na ukihama kutoka Melbourne kwenda Perth baadaye, usidhani umemaliza. Jimbo la Western Australia lina karantini yake ya ndani. Matunda na mboga mbichi hubaki mpakani, na asali hairuhusiwi hata ikiwa imetoka majimbo mengine ya Australia yenyewe. Gari lako na majembe ya bustani vitakaguliwa udongo. Weka ile brashi ngumu mahali utakapoiona.